Paper Mario: Sticker Star – maswali yote mnayoniuliza kuhusu ile gemu ya stika ya 3DS

Kila nikisema naipenda Paper Mario lazima mtu aulize "na ile ya stika je?", halafu tunaanza upya kama vile hatujawahi kuongea. Nimeamua kuyaweka majibu yote sehemu moja. Hii gemu nimeimaliza mara mbili, ya kwanza kwa hamu, ya pili ili nijiridhishe kwamba sikuionea, kwa hiyo nnachoandika ni cha mtu aliyeicheza sio cha kusikia. Kuna sehemu natoboa mwisho wake, ukifika kwenye swali la Kersti ruka kama hutaki kujua.

Sticker Star ni gemu gani hasa?

Ni Paper Mario ya nne na ndo ya kwanza kutoka kwenye mashine ya mkononi. Waliotengeneza ni Intelligent Systems wa Japani, wale wale wa zilizotangulia, Nintendo wakaitoa kwenye 3DS. Marekani ilitoka Novemba 11, 2012, Japani na Ulaya wakaipata Desemba. Story yake unaweza kuisimulia yote umesimama kituoni unasubiri daladala: mji wa Decalburg una sherehe ya stika, kinashuka kimondo cha kutimiza matakwa ya watu, Bowser, adui mkuu wa Mario, anakigusa kinapasuka, stika sita za kifalme zinatawanyika, princess Peach anatekwa, Mario anaondoka kuzitafuta akiwa na malaika mdogo wa stika anayeitwa Kersti. Basi, ndo hiyo.

Mbona watu bado wanaumia? Si ni gemu tu ya Mario?

Ungecheza zilizotangulia usingeuliza. Paper Mario ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2000 kwenye Nintendo 64, halafu 2004 ikaja The Thousand-Year Door kwenye GameCube. Hizo zilikuwa RPG kwelikweli, yani gemu ya kumkuza mhusika wako kwa mapigano, ila RPG iliyorahisishwa mpaka mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Namba zilikuwa ndogo, adui ana uhai 5, wewe unapiga 2, unahesabu kwa vidole. Ukimshinda adui unapata alama za nyota, zikifika 100 unapanda levo na unachagua mwenyewe uongeze nini, uhai, maua ya kufanyia mbinu maalum, au nafasi ya kuvaa beji. Beji, zinazompa Mario uwezo tofauti, ndo zilikuwa utamu wenyewe maana watu wawili wanaweza kucheza gemu moja wakawa na Mario wawili tofauti kabisa.

Halafu wenzako. Unatembea na mwenzako pembeni, ana jina lake, ana maneno yake, ana jambo lake linalomsumbua. Mi yule mzee Bobbery wa Thousand-Year Door sijawahi kumsahau. Ni bomu, baharia mstaafu, yuko bandarini Rogueport na hataki kusikia habari ya bahari, watu wanamwona mkorofi tu, kumbe mkewe Scarlette aliugua akafariki wakati yeye yuko safarini na alipata habari aliporudi, mkewe alimwachia barua na barua hiyo imekaa kwa mwenye baa miaka yote. Unampelekea barua, anaisoma, anasimama, anapanda meli tena. Hiyo ni gemu ya Mario, watu wa karatasi, na mi nililia. Mtu aliyezoea hayo halafu unampa 3DS na stika, lazima aulize wenzake wako wapi.

Sawa, kwa hiyo shida ya Sticker Star ni ipi? Nieleze taratibu.

Ntakueleza kwa pigano moja, maana shida yote iko pale ndani.

Uko kwenye nyasi za mwanzo mwanzo, Goomba watatu, vile viadui vidogo vya uyoga, wamejipanga mstari mbele yako. Skrini ya chini inaonyesha albamu yako ya stika. Hakuna "piga" ya kawaida ambayo unayo siku zote, kila unachotaka kufanya lazima uwe na stika yake, kuruka ni stika, nyundo ni stika, ua la moto ni stika. Unachagua ya kuruka, unabonyeza A kwa wakati, Mario anamkanyaga Goomba wa mbele. Huwezi kusema "nampiga wa nyuma", huchagui, stika ya kawaida inampata aliye mbele. Na ikishatumika imeenda, haipo tena kwenye albamu. Wawili waliobaki wanakurukia, unajikinga, unatoa stika ya pili, kisha ya tatu. Ukitaka kutumia zaidi ya moja kwa zamu unalipa sarafu unazungusha ile mashine ya picha, zikifanana unaruhusiwa stika mbili au tatu.

Umeshinda. Hesabu sasa. Umeingia na stika kumi umetoka na saba, umeokota sarafu kadhaa na labda stika moja iliyodondoka. Alama za uzoefu hakuna, hazipo kabisa kwenye gemu hii. Levo hakuna. Uhai unaongezeka kwa mioyo maalum tu unayoikuta njiani, na kupigana hakuhusiani nayo. Yani Mario aliyetoka kwenye pigano ni yule yule aliyeingia, ila albamu yake imepungua.

Na zile sarafu ni za nini? Za kununulia stika. Na stika ni za nini? Za kupigania. Kwa hiyo unapigana upate sarafu ununue stika upigane, na mchezaji yeyote mwenye akili baada ya saa moja au mbili anagundua kwamba njia nzuri ya kucheza ni kuwakwepa maadui wote. Mi nilianza kuwakwepa nikiwa bado kwenye ulimwengu wa kwanza, namwona Koopa kule nazunguka kwa mbali, halafu nikasimama nikajiuliza nafanya nini, huku ndo kucheza RPG? Kwenye ya GameCube nilikuwa nawafuata mwenyewe.

Lakini si stika ziko nyingi tu ukutani? Mbona mnasema zinaisha?

Ziko nyingi ndiyo. Kwa kweli sijawahi kuishiwa kabisa na simjui aliyeishiwa. Hoja haikuwa uhaba. Hoja ni kwamba kitu kikali unakibania, unasema hii ya kung'aa naitunza ya bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa ulimwengu, na albamu ina kurasa chache mwanzoni kwa hiyo inajaa, basi unatumia zile dhaifu kwa wadogo na kali zinakaa tu. Ukifika kwa bosi ndo unakutana na swali linalofuata.

Nimekwama kwa bosi, nampiga hafi. Nafanyaje?

Hapa ndo naulizwa zaidi kuliko pengine popote. Jibu fupi: kuna kitu kimoja anachotakiwa kupigwa nacho na huna.

Jibu refu ni hivi. Kwenye gemu kuna vitu vya kawaida vya duniani, feni, mkasi, friji, bafu, tarumbeta, hata mbuzi yupo, vimechorwa kama vitu halisi kabisa sio karatasi. Unaviokota, unarudi navyo Decalburg, unavirusha ukutani vinakuwa stika. Hizo ndo stika kubwa. Na karibu kila bosi ametengenezewa kitu chake. Yule Pokey, adui wa dungusi kakati aliyepangana kama mnara jangwani, anataka gongo la besiboli. Gooper Blooper, ngisi wa sumu, anataka sponji, akimwaga sumu yake sponji inaifyonza. Ukiwa nalo pigano linakuwa jepesi kama kumsukuma mlevi, ukiwa huna unapiga na kupiga, stika zako zote za kung'aa ulizokuwa unazibania zinaisha, halafu unakufa.

Sa niambie utajuaje? Sponji uliiona saa tatu zilizopita kwenye ngazi (hatua ya gemu) nyingine kabisa, au hukuiona. Labda uliiona ukaitumia kwenye pigano la kawaida kwa sababu ni stika na stika ni za kutumia, kwa hiyo uende ukaitafute tena au ukainunue kwa sarafu. Kersti ukimwomba msaada anakuzungusha. Hili la vitu liko mpaka nje ya mapigano, kinu cha upepo hakizunguki, lazima ubandike feni pale, na hakuna kilichokuambia utunze feni. Mi sina tatizo na mafumbo, nayapenda, lakini fumbo linatakiwa likupe pa kushika. Hapa unaambiwa "hujaja na ufunguo" bila kuonyeshwa kwamba kuna mlango.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyekwama: kabla ya bosi yeyote pitia tena ngazi za ulimwengu ule, kila kitu cha duniani unachokiona chukua, geuza stika, usikitumie mpaka kwa bosi. Na beba nafasi tupu kwenye albamu.

Ni kweli Kamek anazigeuza stika zote kuwa kandambili?

Kweli kabisa. Kamek ni mchawi wa Bowser, kuna pigano lake moja anarusha uchawi wake, unafungua albamu na kila ulichokusanya kimekuwa kandambili. Unapigana nazo hivyo hivyo mpaka mwisho. Usipaniki, baada ya pigano stika zako zinarudi zilivyokuwa. Hili mi nililipenda, ni wazo zuri ambalo linatumia stika kama stika.

Kwa nini watu wote ni Toad, wale watu wa uyoga? Na wenzake Mario wako wapi?

Hili ndo swali ninalotaka mlielewe vizuri, maana wengi wanasema watengenezaji walikuwa wavivu na sio kweli.

Gemu hii ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya gemu ya E3 ya 2010 pamoja na 3DS yenyewe, na video ile ilikuwa na sura ya Paper Mario ya zamani, Mario yuko na Chain Chomp, ule mpira wa chuma wenye mnyororo na meno, anampigania upande wake. Sisi tuliona tukasema haya, wenzake wanarudi. Halafu ikabadilika. Na haya hayakufichwa, waliyasema wenyewe kwenye mahojiano ya Iwata Asks, yale ambayo marehemu Satoru Iwata alikuwa anakaa na watengenezaji wa gemu anawauliza. Kensuke Tanabe, producer wa Nintendo, alieleza kwamba walipompelekea Shigeru Miyamoto gemu ya mwanzo akasema hii ni kama ile ya GameCube imehamishwa tu. Baadaye wakawa na maelekezo mawili kutoka kwake ya kufanyia kazi, kwamba story sio lazima, na kwamba wajitahidi kutumia wahusika wa dunia ya Mario tu.

Kuna lingine pia. Nintendo walikuwa wameuliza wateja kupitia Club Nintendo, mpango wao wa wateja, kuhusu Super Paper Mario ya Wii ya 2007, na kwa mujibu wa Tanabe waliosema kilichowavutia ni story hawakufika hata asilimia 1. Wengi walisema ule ujanja wa kugeuza dunia kutoka bapa kuwa ya pande tatu. Kwa hiyo wakaona story haina mwenyewe.

Mi hapo ndo naumia. Maana ukimuuliza mtu "nini kilikufurahisha" atakutajia kitu cha kushikika, ule ujanja wa kugeuza. Muulize baada ya miaka kumi anakumbuka nini, atakutajia watu. Hakuna anayeniandikia leo kuhusu kugeuza dunia, wananiandikia kuhusu Bobbery, kuhusu Vivian na dada zake, kuhusu treni, wote wa Thousand-Year Door. Swali lilikuwa moja na waliuliza mapema mno.

Matokeo yake ndo hayo, Decalburg imejaa Toad wanaofanana. Anayeuza duka Toad, anayelia kabandikwa ukutani Toad, na ukirudi kesho hujui ni yule wa jana au mwingine. Na haikuishia hapo, mwaka 2020 Tanabe alieleza tena kwamba tangu Sticker Star haikuwezekana kuwachora Toad kwa kuwatofautisha umri, jinsia na mengine hayo kama zamani. Kwa hiyo mikono iliyochora hii gemu ilikuwa hodari, ila ilifungwa.

Na Bowser mbona haongei?

Haongei. Kwenye gemu nzima hasemi neno hata moja. Huyu ni Bowser ambaye kwenye zilizotangulia alikuwa ndo mcheshi kuliko wote. Sina maelezo zaidi ya hapo, inaniuma tu.

Kersti vipi? Wengine wanamchukia.

Mi simchukii, namwonea huruma. Amebebeshwa kazi ya wenzake wote saba wanane wa zamani peke yake, na nusu ya kazi hiyo ni kukukaripia kwamba hukuja na stika sahihi. (Hapa natoboa.) Mwishoni anajitoa, anampa Mario nguvu zake zote ili Bowser aangushwe, anapotea. Kile ni kitendo kizito na muziki unakibeba vizuri, lakini hujawahi kukaa naye mkapiga stori, humjui anapenda nini, kwa hiyo unaona ni jambo la huzuni bila kuhuzunika. Sherehe ikirudi na yeye anarudi.

Kuna kitu chochote kizuri?

Kipo, na asiyekisema haitendei haki.

Muziki kwanza. Ni jazz ya vyombo halisi, tarumbeta na saksofoni zimepigwa na watu, hata pigano dogo la Goomba lina wimbo ambao utaupiga mluzi bafuni. Mpaka leo nausikiliza nikiwa kazini.

Pili mwonekano. Washa ile 3D ya mashine, kila kitu ni karatasi na kadibodi na kina kimo chake, unaona ukingo wa karatasi, unaona kivuli cha jani lililokatwa. Sijaona gemu nyingine ya 3DS iliyonifanya nisogeze ile swichi mpaka juu na kuiacha pale.

Tatu, ulimwengu wa tatu kuna Wiggler, yule kiwavi. Mwili wake unaachana vipande vipande, kila kipande kinakimbilia upande wake na kina tabia yake, unakwenda msituni ambako sumu imetapakaa unavirudisha kimoja kimoja. Na kuna jumba la Boo ambalo unawatafuta wale mizimu waliotoroka kwenye kitabu walichofungiwa. Sehemu hizi mbili zina mtu mwenye shida na wewe unamsaidia, na ghafla gemu inapata roho. Wakati nacheza pale nilisahau kabisa kulalamika. Ndo maana nasema walikuwa wanaweza.

Mbona wakosoaji waliipa alama nzuri? Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji, ina 75.

Mkosoaji anaicheza mara moja, kwa haraka, na 75 kwa gemu yenye sura ile na muziki ule naielewa. Sio gemu mbovu. Haivunjiki, haigandi, ngazi zake fupi zinafaa kabisa kwa mtu aliye kwenye basi. Ingeitwa jina lingine ningeipa hiyo hiyo 75 nikaendelea na maisha yangu. Lakini ukiandika Paper Mario juu ya boksi umeniahidi kitu.

Zilizofuata zilirekebisha?

Kidogo kidogo. Color Splash ya Wii U, 2016, ilibaki na mfumo ule ule ila badala ya stika ni kadi, maandishi yake yanachekesha sana. The Origami King ya Switch, 2020, iliwarudisha wenzake kwa muda muda, na kuna Bob-omb (bomu kama Bobbery) mmoja pale ambaye hata jina lake maalum hana, kapewa tu Bobby, na amewaliza watu wengi. Alama za uzoefu bado hazikurudi. Halafu Mei 2024 Nintendo wakaitoa upya Thousand-Year Door yenyewe kwenye Switch, imechorwa upya, Bobbery yupo, barua ipo.

Sijawahi kucheza hata moja, nianze na ipi?

Hiyo ya 2024 kwenye Switch. Kama una ile huduma ya kulipia ya Switch Online yenye Expansion Pack basi ya Nintendo 64 ipo humo tangu Desemba 2021. Na kama huna mashine ya Nintendo kabisa tafuta Bug Fables, imetengenezwa na Moonsprout Games wa Panama, watu waliozipenda Paper Mario za zamani wakaamua kutengeneza ya kwao, wadudu watatu, mapigano ya zamu, beji, alama, kila kitu. Iko kwenye PC na kwingine. Sticker Star icheze baadaye ukiwa unajua inatokea wapi.

Bado naitaka Sticker Star. Naipataje, na mbona kaseti yangu inakataa kusoma?

Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa kwa kununua Machi 27, 2023, kwa hiyo sasa hivi ni kaseti ya mtumba tu. Na hapa angalia sana, maana yamenikuta. 3DS imefungwa kwa kanda: mashine ya Marekani inasoma kaseti za Marekani, ya Ulaya za Ulaya, ya Japani za Japani. Mimi mashine yangu ililetwa na ndugu kutoka Uingereza, kaseti nikanunua kwa muuzaji mmoja aliyeagiza za Marekani, niliuliza kabla ya kulipa akasema zote ni moja. Sio moja. Unaichomeka, haionekani kwenye menyu, unaweza kudhani imekufa kumbe nzima. Alikataa kunirudishia hela, ikabidi nitafute nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela mwombe muuzaji picha ya kaseti yenyewe, sio boksi peke yake, boksi na kaseti vinaweza kuwa vimekutanishwa tu. Angalia namba iliyoandikwa kwenye lebo, mwisho wake kuna herufi za kanda, USA ni Marekani, EUR ni Ulaya, JPN Japani. Halafu linganisha na lebo iliyo nyuma ya mashine yako. Na kama unanunua dukani uende na mashine, uichomeke pale pale, usubiri mpaka uone ile picha ya Mario ikizunguka kwenye skrini ya juu ndo ulipe.